Mbegu Niliyoichemsha

Mwanangu Minza,

Sikuulizi hali, maana nakusikia upande wa pili wa ukuta ukikunja nguo na kuzikunjua tena. Na mimi usiniulize, hali yangu unaijua kuliko ninavyoijua mwenyewe. Ningeweza kugonga mlango tukaongea kama watu. Lakini sisi wawili siku hizi tukianza kuongea, kabla hatujafika popote mmoja wetu anakumbuka kwamba mbuzi hajafungwa, anatoka nje. Ndiyo maana naandika. Karatasi haina mbuzi wa kwenda kufunga.

Sitakuambia ule vizuri wala uamke mapema. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniamsha mimi. Habari za vijana wa pwani nazo naziacha, sina ujuzi nazo. Pwani yenyewe sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyoyaona mimi ni ziwa, kule Chato, na hata hilo niliingia mpaka magotini nikarudi.

Ulinieleza kazi unayoiendea, nikajifanya sisikilizi. Nilisikiliza. Ulisema wamejenga matangi ya vioo, wanajaza maji ya bahari, na humo wanafuga matumbawe na samaki wadogo wa rangi ambao haliwi hata mmoja. Samaki wa kutazama! Hapo ndipo nilipokohoa, ukadhani nimekudharau. Nilikuwa nawaza jinsi watu wa hapa Bukombe watakavyocheka wakisikia mtu ameajiriwa kumlisha samaki ambaye hataingia chunguni. Ukasema hata hao samaki hutawalisha moja kwa moja, utafuga chakula chao: kwanza maji ya kijani, halafu vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula ule ukijani, halafu vijikamba vya chumvi ambavyo mayai yake hukaa makavu kama vumbi na yakitiwa majini yanaanguliwa. Na kwamba kuna konokono, kaa wadogo na minyoo ya mchangani wanaowekwa humo ili wafanye kazi tu. Wanakula uchafu, wanafukua mchanga, na wasipokuwepo maji yanaharibika hata kama mtu anayaona meupe.

Nilielewa yote, Minza. Ni kazi yetu ileile ya bwawani, imetiwa chumvi.

Tangu upate nafasi hiyo umeniomba kitu kimoja tu. Ulikuwa jikoni, umenipa mgongo, unasonga ugali. Ukasema, "Baba, kabla sijaondoka nenda kwa Mama Limbu ukamwambie. Usipoenda, mimi hapa sirudi tena." Nikakuuliza kwa ukali, hata kwenye mazishi yangu? Hukugeuka. Ukasema, "Hata hayo." Kisha ukapakua, tukala, na ugali ulikuwa mzuri kama siku zote.

Nilikasirika, sikufichi. Nilijiuliza mtoto gani huyu anayemwekea baba yake masharti ndani ya nyumba ya baba yake. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na lile jambo lenyewe. Sijawahi kulisimulia kwa mtu, hata kwako sikulisimulia. Uliligundua mwenyewe, ukaniuliza, nikakujibu vibaya. Acha leo nilisimulie tangu mwanzo, uone kama nimeficha kitu.

Mimi ni mtu wa shimoni, unajua hivyo. Ujana wangu niliumaliza kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, upande wa Bulyanhulu, nikishuka kwa kamba na kupanda na kiroba cha mawe mgongoni. Mama yako alipofariki wewe ulikuwa bado hujaanza shule, na mimi sikujua kazi nyingine, nikaendelea kwenda. Nani alibaki na wewe? Mama Limbu, hapo ng'ambo ya njia. Alikusuka nywele, alikupeleka zahanati ulipopata degedege, ulilala kitanda kimoja na Limbu wake mkigombania blanketi. Nilipokuwa narudi na vumbi langu ulikuwa unamkimbilia yeye na kujificha kwenye kanga yake, hunijui. Iliniuma, lakini sikuwahi kumwambia asante hata siku moja. Nilimletea sukari, nikadhani sukari inatosha.

Nilipoacha maduara nikaja kuchimba bwawa kwenye mbuga ya baba yangu. Watu walisema Msukuma wa wapi huyu anayefuga kambare badala ya ng'ombe. Lakini udongo ule mweusi wa mbuga unashika maji vizuri, na mikono yangu kitu ilichokijua ni kuchimba. Kambare wakubwa walinenepa. Shida ilikuwa vifaranga. Tukikamua mayai na kuyatotoa, vinatoka vingi, vinacheza kidogo, vinakufa. Mimi nilikuwa navinyunyizia unga wa dagaa, maji yanachafuka, nayabadilisha, navinyunyizia tena. Nilijiona fundi kwa kuwa maji yangu yalikuwa meupe muda wote.

Ukarudi wewe kutoka kwenye mafunzo kule ziwani na chupa ya maji mkononi. Ndani mlikuwa na vitu kama chembe za uwele, vinarukaruka. Viroboto-maji. Nilicheka. Nikasema nimesomesha mtoto aniletee viroboto. Ukasema kifaranga cha kambare hakitaki unga, kinataka kitu kinachotembea mbele ya mdomo wake. Ukatia samadi ya ng'ombe kwenye kiroba, ukakining'iniza ndani ya karo la saruji, ukaacha jua lifanye kazi mpaka maji yakawa ya kijani, ndipo ukamimina chupa yako. Baada ya muda tukawa tunavikinga kwa kipande cha chandarua kila asubuhi. Na vifaranga vikaacha kufa. Nakumbuka nilikaa ukingoni mwa karo la vifaranga nikiviangalia vinavyokula, nikawa na furaha ambayo dhahabu haikuwahi kunipa, na huko niliwahi kupata jiwe zuri.

Kuna jambo uliniambia siku ile ambalo nililisikia kwa sikio moja. Yule mwanamke wa Chato aliyekupa ile chupa hakukuuzia. Alikuambia: hii mbegu ni ya kugawa. Mpe jirani, naye ampe jirani yake, kwa sababu vidudu hivi vinaweza kufa vyote asubuhi moja na hujui kilichoviua, na siku hiyo utakwenda kuomba pale ulipotoa. Hata bibi yangu mzaa baba alikuwa na desturi hiyo kwenye mawele yake. Mtu akija kuomba mbegu, bibi anaacha hata chakula anakwenda kumpimia. Kwetu mbegu hainyimwi. Mimi nilikua nikiliona hilo kwa macho yangu, kwa hiyo sina pa kusingizia.

Watu wakaanza kuja kununua vifaranga, wengine wakitoka Runzewe, wengine Kahama, na ndoo zao kwenye pikipiki. Wakaanza kuniita mtaalamu. Minza, jina ni kitu kibaya sana likimkuta mtu ambaye hakuwahi kuwa nalo. Nilianza kutembea taratibu sokoni ili watu wapate nafasi ya kunisalimia.

Wakati huo Limbu alikuwa amemaliza shule na akili yake yote iko kwenye maduara. Vijana wenzake walikuwa wanarudi na simu kubwa na viatu vyeupe. Mama yake aliogopa. Akamwambia chimba bwawa hapa, tutotoe samaki kama kwa Baba Minza, utakaa nyumbani. Na kijana akachimba, peke yake, kwa jembe na sururu. Nilikuwa nampita asubuhi yuko shimoni, jioni yuko shimoni, na mimi niliyekuwa mtu wa shimo nilijua kazi ile ni ya kiasi gani. Nilimpa pole nikapita.

Wewe ulikuwa umerudi mafunzoni. Mama Limbu akaja na ndoo yake asubuhi, amevaa ngata kichwani tayari, mtu ambaye hana wasiwasi kwamba atapewa. "Baba Minza," akasema, "nimekuja kuomba mbegu ya vile viroboto. Minza aliniambia nikitaka nije tu." Nikamwambia karibu, kaa hapo kivulini, ngoja nikutekee.

Nikateka kwenye karo. Nikaingia jikoni. Nilipokuwa natembea na ile ndoo niliwaona akilini wateja wangu mmoja mmoja wakikata kona kabla ya kufika kwangu, wanaingia kwake. Hakuna aliyenishauri. Shetani nisimsingizie, sikumwona. Niliyamimina maji kwenye sufuria kubwa, nikaweka juu ya moto uliobaki wa chai. Sikuyatokosa, niliyapasha tu mpaka vikaacha kuruka. Nikayarudisha kwenye ndoo, nikampelekea, nikamwambia, "Vimechoka kwa kutekwa, vikizoea vitachangamka." Akanitwisha baraka na shukrani: "Wabeja, baba." Akaenda zake.

Vifaranga vyao vilipoanguliwa havikukuta kitu majini. Kambare mdogo akikosa chakula unajua anachofanya, anamgeukia mwenzake. Limbu alikuja kuniita nikaangalie. Nilisimama kwenye bwawa lile alilochimba nikaona vile vilivyobaki vikifukuzana na vingine vina mikia ya wenzao mdomoni. Akaniuliza, "Mzee, nimekosea wapi?" Nikamwambia labda maji yake hayajaiva. Akatia samadi zaidi. Wakarudia, ikawa vilevile. Halafu akaacha kuuliza, akaacha na kuja, na siku moja alfajiri akatoka bila kumuaga mama yake. Alipiga simu mara ya kwanza kutoka upande wa Geita. Baadaye ile namba ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Hakuna anayejua kama yuko chini ya ardhi au juu yake.

Hivyo ndivyo nilivyobaki peke yangu na mbegu. Nilijiona nimeshinda.

Sehemu inayofuata unaijua, ulikuwepo. Nilitaka karo jingine la viroboto na sikutaka kungoja saruji. Nikanunua pipa la buluu kwa vijana wa kule wanakooshea marudio, mchanga wa dhahabu unaorudiwa kwa dawa. Uliniuliza lilikuwa na nini. Nikasema nimeliosha kwa sabuni, nimelianika, pipa ni pipa. Ukasema, "Baba, hawa vidudu wadogo ndio wanaokufa kwanza, tuwajaribu wachache." Nikakujibu kwamba nimeshika dawa hizo kabla hujazaliwa na bado niko hai. Nikamimina mbegu yote humo, maana karo nilikuwa nimelikausha nilitengeneze nyufa. Asubuhi vilikuwa vimelala chini, vyeupe, na maji yamekaa safi kabisa, unaona mpaka chini.

Ukakimbia kwa Mama Limbu na kopo. Hukuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu kwa akili yako walioshindikana kule ni vifaranga tu, mbegu yetu ipo. Ulirudi na kopo tupu. Ukasimama mlangoni ukaniambia, "Anasema ile yake haikuwahi kuruka hata siku ya kwanza." Kisha ukaniangalia. Wewe umefuga vidudu hivyo, unajua havifi vyote ndani ya ndoo kwa safari ya kuvuka njia. Ukaniuliza, "Uliifanya nini?" Na mimi, mjinga, nikasema, "Biashara ni biashara."

Ningeweza kusema neno lolote jingine. Nimelala na kuamka na jibu hilo. Vifaranga vyetu vililana vyote kwenye karo lao wakati unahangaika kwenda Chato na kurudi, na wale wateja walioniita mtaalamu walikuja mara moja, wakachungulia, wakageuza pikipiki. Hakuna aliyenipa pole, wala sistahili. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini kufa kwa samaki nilikuzoea haraka. Sikuzoea wewe kuacha kuniita. Ulikuwa unasema "chakula kiko tayari" kana kwamba unaiambia nyumba.

Huko unakokwenda utawakuta watu kama mimi. Nakuambia hili kwa sababu nawajua, si kwa sababu mimi ni mwema. Utamkuta fundi anayeficha chupa yake ya maji ya kijani nyuma ya kabati, anayekupa vidudu vilivyokwisha nguvu huku anakuchekea, na atakuwa na sababu nzuri sana, na atakuwa mtu wa kanisani au msikitini. Usishindane naye. Wewe gawa yako. Hata wakikuona mshamba wa kutoka bara, gawa. Na ukikuta maji meupe ambayo hakuna kitu kinachotembea ndani yake, yaogope, hata kama bosi anayasifu. Nadhani hayo tu ndiyo ninayoyajua kwa hakika katika maisha yangu yote, na mawili hayo nimeyanunua kwa mtoto wa mwenzangu.

Sasa nikueleze ya leo.

Nilikwenda. Ulipokuwa umetoka kuaga kanisani, nilivuka njia. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba anabangua karanga. Nikamsalimia kama mtu anavyomsalimia mama yake, "Mwadila, mayu." Akaitikia, akanisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa. Nikasema, "Nimekuja kwa ile mbegu ya viroboto niliyokupa. Niliichemsha."

Hakuacha kubangua. Akasema, "Najua."

"Minza amekuambia?"

"Minza aniambie nini? Ndoo niliibeba kichwani, Baba Minza. Ilikuwa ya moto. Nilifika hapa joto limepenya ngata mpaka utosini."

Nikamuuliza kwa nini aliimimina bwawani kama alijua. Hapo ndipo alipoacha karanga. Akasema, "Kwa sababu ulinipa wewe. Nilijiambia ni jua. Asubuhi ile, jua lenyewe halijapanda, nikajiambia ni jua."

"Na baadaye? Mbona hukusema kitu?"

"Ningemwambia nani? Binti yako nimemlea mimi. Nimwambie baba yake ni mtu wa namna gani?"

Nilipiga magoti, Minza. Nikamwomba msamaha. Akaniambia niinuke, majirani wanaona. Kisha akasema, "Sijakusamehe. Usinisukume, labda siku moja, labda hapana." Nikasema sawa. Bila kufikiri nikaanza kubangua karanga pamoja naye, naye hakunizuia.

Halafu akauliza, "Minza anaondoka kesho?"

"Ndiyo, kwa basi la asubuhi."

"Nani anamsindikiza?"

Nikasema mimi, nani mwingine?

Akatikisa kichwa. "Limbu wangu hakusindikizwa na mtu. Mimi nilisikia mlango tu, nikadhani ametoka kujisaidia. Kesho Minza nitamsindikiza mimi. Nitambebea begi mpaka stendi, nitamtafutia kiti, nitasimama mpaka basi liondoke. Wewe utabaki ndani."

Nikamwambia, "Mayu, huyu ni mwanangu wa pekee."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Akasema, "Na Limbu kwangu alikuwa nani?"

Nilikubali.

Uliloniomba nimelifanya. Kama utarudi au hutarudi, sikuulizi, na sitaki uone kwamba nimelifanya ili nikununue. Ila sikutaka kesho uondoke ukidhani baba yako ameshindwa hata kuamka. Barua hii naipitisha chini ya mlango wako. Nitakuwa macho, na nitakuwa chumbani, na mlango wangu nitakuwa nimeufunga kwa ndani. Usinigongee. Ukinigongea nitafungua, na nitakuwa nimemdanganya yule mama mara ya pili.

Asubuhi atakuwa amesimama uani. Mpe lile begi kubwa, zito. Utataka kusema acha mama, nitabeba mwenyewe, wewe ni mzima na yeye ni mtu mzima. Usiseme. Mwache alibebe kichwani mpaka mwisho wa njia. Na kule stendi akikukumbatia asitake kukuachia, akalia kuliko unavyostahili kuliliwa, usimuulize anamlilia nani.

Baba yako.